Diski mbili, nafasi ya moja: hakuna aliyekuibia



Jirani yangu mmoja ana studio ndogo ya picha. Hupiga picha za arusi, ruracio, mahafali na matanga, na kila Jumapili jioni utamwona akirudi nyumbani na kadi za kamera zimejaa pomoni. Kwa miaka mingi alihifadhi kazi hiyo yote katika diski moja ya nje, ile ndogo ya kutia mfukoni, mpaka siku ilipomponyoka ikaanguka sakafuni na arusi mbili zikaenda nayo. Bibi arusi mmoja alilia. Wa pili alidai pesa zake zote, na alirudishiwa.

Basi jirani akaapa kwamba hayo hayatamfika tena. Alikwenda mjini akanunua diski mbili za terabaiti 4 kila moja, akazichomeka kwenye kompyuta yake ya Windows, akazitia katika mfuko mmoja kwa Storage Spaces na kuchagua kioo. Alipotazama nafasi aliyopata, akakuta terabaiti 3.6. Alikuja kwangu moja kwa moja, kabla hata ya kunywa chai.

"Ndugu yangu, nimeibiwa mchana peupe," akasema. "Nimelipia terabaiti nane. Hizi ni tatu na vipande. Zile nyingine amekula nani?"

Nilimwambia hazijaliwa na mtu. Lakini kumwambia mtu aliyetoa pesa zake kwamba hakuibiwa si kazi rahisi, mpaka umkalishe chini umpigie hesabu. Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka tuipige pamoja leo, maana najua wengi mnaweka picha za watoto, vyeti, hati za shamba na kazi za chuo katika kompyuta, na siku moja mtataka diski mbili ziwe walinzi badala ya moja.

Tuanze na upungufu mdogo. Mwenye kiwanda cha diski huhesabu kwa makumi kama sisi sote. Kwake terabaiti moja ni baiti bilioni elfu moja, yaani 1 na sufuri kumi na mbili. Windows nayo huhesabu kwa 1,024: baiti 1,024 ni kilobaiti, kilobaiti 1,024 ni megabaiti, na kadhalika hadi juu. Ukipanda ngazi hiyo mpaka terabaiti unafika baiti 1,099,511,627,776. Sasa gawanya zile baiti bilioni elfu nne za kiwanda kwa idadi hiyo, utapata 3.63 na kidogo. Baiti ni zile zile, hakuna hata moja iliyopotea; kibaba ndicho kilichobadilika. Wenye viwango vya kimataifa walijaribu kukata mzozo huu mwaka 1998 kwa kuvipa vipimo vya 1,024 majina yake yenyewe, kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti, tebibaiti, na kampuni ya Apple ilianza kuhesabu kwa makumi katika kompyuta zake mwaka 2009. Windows haikusikia la mtu. Imeendelea kupima kwa kibaba cha 1,024 na kuandika jina la kile cha makumi, ndiyo sababu kila anayenunua diski ya terabaiti 1 huonyeshwa gigabaiti 931 na kurudi dukani kugombana na kijana asiye na hatia.

Upungufu mkubwa ni ule wa kioo, na huo ndio msomaji anapaswa kuuelewa vizuri kabla ya kutoa shilingi.

Mfuko wa diski ni kama mfuko wa chama. Kila mwanachama anatia alichonacho, na kuanzia hapo hakuna anayesema hii ni noti yangu na ile ni yako. Mna jumla tu. Windows inazichukua diski zako, inazifuta kabisa (narudia, inazifuta, kwa hivyo usitie diski yenye picha za harusi yako ukidhani zitabaki), kisha inazikata nafasi zake mapande mapande. Ukitaka kuhifadhi kitu, mfuko unatoa mapande. Ukichagua kioo cha pande mbili, kila kitu unachohifadhi kinaandikwa mara mbili, na sharti nakala hizo mbili zikae katika diski mbili tofauti. Diski moja ikifa, nakala ya pili ipo, na kompyuta inaendelea kufanya kazi kama kwamba hakuna msiba.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1988 wasomi watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Patterson, Gibson na Katz, waliandika makala maarufu kuhusu kuunganisha diski za bei nafuu ili zifanye kazi ya diski kubwa za bei ghali, na kioo wakakiweka kuwa ngazi ya kwanza. Kwa muda mrefu aliyetaka jambo hilo alinunua kadi maalumu ya kudhibiti diski. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na programu tu. Storage Spaces ilikuja na Windows 8 na Windows Server 2012, mwaka huo wa 2012, na ndiyo maana mwenye studio katika nyumba ya kupanga anaweza kuwa na kitu ambacho zamani kilikuwa cha benki.

Kwa hivyo diski mbili za terabaiti 4 katika kioo ni terabaiti 4 za kutumia, ambazo Windows itaziita 3.63. Ile nusu nyingine iko kazini, imebeba nakala. Kilichomchanganya jirani yangu, na sikumlaumu, ni kwamba ukurasa wa Storage Spaces huonyesha mfuko mzima kabla ya kioo: terabaiti 7.27. Anayetazama huko anajiona tajiri. Kisha akihifadhi video ya gigabaiti 10, anaona mfuko umepungua kwa gigabaiti 20, na moyo unaanza kumdunda. Shika hivi: idadi ya mfuko ni mali ghafi, na kila unachohifadhi kinalipiwa mara mbili.

Hebu sasa tutoke kwenye diski mbili zinazolingana, maana nyumbani kwetu vitu havilingani. Tuseme una diski ya terabaiti 4 na nyingine ya 2. Kioo kitakupa 2 tu, kwa sababu diski kubwa ikishaijaza ndogo haina tena mwenzake wa kushika nakala. Terabaiti 2 za diski kubwa zitabaki zimekaa kama mgeni asiye na wa kuzungumza naye.

Ongeza ya tatu ya 3, uwe na 4, 3 na 2. Wengi hudhani hesabu itaharibika kwa kuwa diski si jozi. La. Jumla ni 9, nusu yake ni 4.5, na zote 4.5 zinaweza kupatikana: terabaiti 2.5 zikakae kati ya diski ya 4 na ya 3, terabaiti 1.5 kati ya ile ya 4 na ya 2, na nusu terabaiti kati ya ile ya 3 na ya 2. Jumlisha uone, kila diski imejaa sawasawa. Hiyo ndiyo faida ya kukata mapande madogo badala ya kuoanisha diski nzima kwa nzima.

Lakini chukua diski za 8, 2 na 2. Jumla ni 12, nusu ni 6, na hizo 6 huzipati. Diski zote ndogo zikijumlishwa zina nafasi ya nakala 4 tu. Kwa hivyo piga hesabu mbili: nusu ya jumla, halafu jumla bila ile diski kubwa kuliko zote. Iliyo ndogo kati ya hizo mbili ndiyo yako. Mwanafunzi anayetumia Btrfs katika Linux atapata jibu lile lile kwa njia hiyo hiyo. Anayetumia ZFS, ule mfumo uliozaliwa katika kampuni ya Sun Microsystems, ana desturi nyingine: hapo unaoanisha diski zako mwenyewe, kila jozi ina ukubwa wa diski yake ndogo, na nafasi yako ni jumla ya jozi.

Kuna mtego mmoja wa Windows ambao huwanasa hata wanaojiita mafundi. Unaitwa safu. Ukianzisha kioo ukiwa na diski nne, Windows aghalabu huchagua yenyewe safu mbili, yaani kila inapoandika inaandika katika diski nne kwa pamoja: nusu ya maneno hapa, nusu pale, na nakala ya kila nusu kwingine. Kasi inaongezeka, na hilo ni jema. Ubaya wake ni kwamba kuanzia siku hiyo kila pande jipya linahitaji diski nne zenye nafasi. Una diski za 8, 8, 2 na 2? Kwa safu moja ungepata terabaiti 10. Kwa safu mbili, zile ndogo zikijaa shughuli imekwisha: umepata 4, na terabaiti 12 za diski kubwa zimelala. Tena idadi ya safu haibadiliki baada ya kuumbwa. Sharti uhamishe kila kitu, ubomoe, uanze upya. Mwenye diski zisizolingana na aandike amri katika PowerShell mapema akitaka safu moja, avumilie kasi ndogo. Mimi ningefanya hivyo nyumbani bila kufikiri mara mbili, maana picha ya shangazi haihitaji mbio.

Wapo watakaouliza habari za kioo cha pande tatu. Hicho huandika kila kitu mara tatu, kinakuachia theluthi moja, na kinastahimili vifo viwili. Windows inataka diski zisizopungua tano kwa hicho, ili zikifa mbili zinazobaki ziwe nyingi kuliko marehemu, zikubaliane juu ya hali ya mfuko. Kwa familia ni anasa. Pariti nayo, ambayo kwa diski tatu za 4 ingekupa 8, huvutia sana kwenye karatasi, lakini huandika polepole mpaka mtu akajuta. Tuziache.

Haya, turudi kwa jirani. Siku ile alielewa, akacheka, akaenda zake. Sikujua kwamba wakati wa kuumba ile nafasi yake alikuwa amefanya jambo lingine. Windows ilipomuuliza ukubwa wa juu kabisa anaotaka, yeye aliandika terabaiti 10, akiwazia siku za usoni. Na Windows ilikubali! Haina kosa; hiyo ni njia halali ya kugawa kwa ahadi. Unaandikiwa nafasi kubwa leo, nawe unaongeza diski kadiri unavyopata pesa. Ni kama fundi anayekujengea msingi wa ghorofa tatu huku una mabati ya moja. Shida ni kwamba ukifungua dirisha la kawaida la kompyuta, diski yako inasema ina nafasi tele. Terabaiti sita na ushei zinakungoja! Hazipo. Zitakuwapo siku utakayozinunua.

Ijumaa moja usiku akabisha mlangoni kwangu. Kesho yake alikuwa na arusi, na picha za ruracio za familia hiyo hiyo alitakiwa kuzionyesha ukumbini. Herufi ya diski ilikuwa imetoweka kwenye kompyuta. Miaka yote ya kazi, pamoja na hizo za kesho, hakuna.

Nilipotazama, mfuko ulikuwa umejaa hadi ukingoni. Windows ilikuwa imetoa onyo, naye alikuwa amelifunga kama tunavyofunga maonyo yote. Mfuko uliotoa ahadi ukiishiwa kabisa, Storage Spaces huiondoa nafasi hiyo isitumike hadi mali ghafi iongezwe, kwa sababu haina pa kuandika. Faili zilikuwa salama, lakini alikuwa amefungiwa nje.

Asubuhi na mapema alikuwa mlangoni mwa duka kabla halijafunguliwa, akarudi na diski moja mpya ya 4. Tukaitia mfukoni. Hakuna kilichobadilika. Uso wake ulibadilika, nami nikaona aibu, kwani nilipaswa kumwambia mapema: kioo hakiandiki pande bila kupata makao mawili, na zile diski mbili za zamani zilikuwa hazina hata tone. Mpya ilikuwa peke yake. Katika Windows 10 na 11, unapoongeza diski kuna kisanduku cha kuchagua ili data ya zamani isawazishwe katika diski zote, na hilo hufungua nafasi, lakini kusawazisha terabaiti kadhaa ni kazi ya saa nyingi na arusi ilikuwa saa nne. Alirudi mjini kwa bodaboda akanunua ya pili. Ilipoingia, herufi ya diski ikarudi. Saa tatu na nusu alikuwa ananakili picha za ruracio kwenye flashi, mikono inamtetemeka.

Kwa hivyo, mpenzi msomaji, ukiumba kioo chako andika ukubwa unaoumiliki kweli. Ukitaka zaidi baadaye utauongeza. Windows inaruhusu kuongeza, ila kupunguza hairuhusu.

Baada ya arusi ile tulikaa tena na karatasi. Sasa alikuwa na diski nne za terabaiti 4. Kwa bahati kioo chake kiliumbwa na diski mbili, basi kilikuwa cha safu moja, hakikuwa na ule mtego. Mali ghafi 16, nusu 8, Windows itasema 7.27. Nikamuuliza: diski moja ikifa leo, nakala zilizokuwa ndani yake zitaandikwa upya wapi?

Hili halimo kwenye kijikaratasi cha dukani. Diski ikifa, kioo hakivunjiki, lakini kila kilichokuwa katika diski hiyo kimebaki na nakala moja tu mahali kwingine. Diski ya pili ikifa kabla hazijaandikwa upya, kilio. Mfuko ukiwa na nafasi tupu ya kutosha, Windows inaweza kuanza kurudufu mara tu marehemu anapotolewa. Ukiwa umejaa, unangoja mwisho wa mwezi ununue nyingine, huku unaswali. Wenye seva kubwa hawana mzaha na jambo hili; katika mifumo ya Storage Spaces Direct, Microsoft hushauri kuacha nafasi tupu ya diski moja kwa kila seva, hadi nne. Kwa jirani yangu hesabu ilikuwa nyepesi. Diski tatu zikibaki ni 12, nusu yake 6, ambazo Windows itaziita 5.45. Asivuke hapo. Mwenye diski mbili tu hana nafasi hiyo hata kidogo, hivyo na aweke pesa za diski ya tatu pembeni, au diski yenyewe kabatini.

Aliniuliza kama sasa anaweza kulala. Nikamwambia bado. Ukifuta faili kwa makosa, kioo kinafuta nakala zote mbili papo hapo, kwa utiifu mkubwa. Virusi wa kufungia faili na kudai fidia wakiingia, wanafunga nakala zote mbili. Mwizi akibeba kompyuta, amebeba diski zote nne. Na usidhani utachomoa diski moja ya mfuko uipeleke kwenye kompyuta yoyote uisome kama diski ya kawaida. Kioo ni ngao dhidi ya kifo cha diski, basi. Nakala ya akiba ni kitu kingine, na sharti ikae nyumba nyingine.

Alinunua diski moja ya nje ya terabaiti 8, ya kawaida, isiyo ya mfuko. Huinakili kila baada ya majuma mawili na kuipeleka kwa mama yake Limuru, ambako hukaa katika sanduku la nguo pamoja na hati za shamba. Juu ya kompyuta amebandika karatasi yenye idadi moja tu, 5.4, kwa kalamu nyekundu. Juma lililopita nilipopita kusalimia nilimkuta amefika 4.1, anafuta picha za mwaka juzi ambazo watu walikuwa wamefumba macho.